Saa Iliyolia Kipawa

Siku tuliyomzika ndugu yangu Hamisi, kijana mmoja alisimama kwenye kona ya mtaa wetu pale Temeke, simu mkononi, akiwaelekeza watu njia. "Msiba wa Kete? Kata kushoto, utaona turubai." Mie nilikuwa ndani, nimekaa mkekani karibu na dirisha, na nilimsikia kila neno. Msiba wa Kete! Mtu kaishi duniani miaka yote hiyo na jina alilopewa na wazazi wake, halafu siku anaingia kaburini anaitwa kwa jina la muuza unga wa kwenye televisheni. Niliinuka, nikatoa kichwa dirishani nikamwambia, "We! Aliyekufa anaitwa Hamisi. Ukilirudia hilo jina nakuja kukuchapa na kanga hii hii niliyojifunga." Wanawake wenzangu wakanikalisha chini, wakasema Mwajuma ana huzuni, mwacheni. Huzuni nilikuwa nayo, sikatai. Lakini kilichoniinua pale mkekani ni hasira, na hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko yule kijana.

Habari za ukoo wetu, nani kamzaa nani na nani katoka wapi, sitaziandika. Wanaozitaka wakawaulize wazee waliobaki. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka ule wa tamthilia. Tulikuwa tunakaa mie, Hamisi na baba yetu mdogo Rajabu, nyumba ya vyumba vitatu, na sebule yetu ilikuwa hospitali ya televisheni. Hamisi alikuwa fundi wa redio na televisheni. Ukiingia, unapishana na matumbo ya televisheni yaliyo wazi, nyaya, vioo, harufu ya risasi ya kuchomelea, na katikati yake meza ya kulia ambayo nusu ilikuwa ya chakula na nusu ya bisibisi. Nilishakuta skrubu kwenye bakuli la maharage. Nilikuwa nagomba, naye anacheka, anasema, "Dada, kula, hiyo ni madini ya chuma." Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa utani wa chini chini, sauti nzito, macho ya kutulia. Sauti hiyo na macho hayo ndiyo yaliyomponza.

Maana siku moja alikuja bwana mmoja kuchukua televisheni yake, akamkuta Hamisi anamwambia mteja mkorofi, taratibu kabisa, bila kuinua sauti, "Kaka, mzigo wako hautoki hapa mpaka tumalizane." Yule bwana akasahau televisheni. Kumbe alikuwa mwongozaji wa tamthilia, anatafuta mtu wa kuigiza bosi wa dawa za kulevya. Jina la tamthilia silitaji, nisije nikaitangaza bure. Hamisi alidhani ni masihara, lakini wiki iliyofuata alikuwa mbele ya kamera, anaitwa Kete, jina la kile kifurushi kidogo cha unga wanachouziana vijiweni. Na jinsi walivyokuwa wanafanya kazi siku zile, kila mwigizaji anakuja na nguo zake. Ukiigiza daktari, katafute koti jeupe mwenyewe. Ukiigiza bibi harusi, kaazime shela. Mwongozaji akamwambia Hamisi, "Wewe ni bosi wa unga. Nataka saa ya dhahabu mkononi. Utajua mwenyewe pa kuipata."

Tukaenda naye Mwenge, mie na yeye, Jumamosi asubuhi. Pale kituoni, nyuma ya wauza matunda, kulikuwa na kijana ametundika saa kwenye ubao kuanzia juu mpaka chini. Hamisi akajaribisha za rangi ya dhahabu. Moja kubwa kama kifuniko cha chupa ya uji, nyingine ina mawe ya kung'aa kuizunguka. Akanyoosha mkono, akakunja uso, akaniuliza, "Nakuwa bosi?" Nikamwambia, "Unakuwa bwana harusi wa kuazimwa." Nikamuuliza pia, tamthilia ikiisha, hiyo dhahabu utaivaa wapi? Utafungua televisheni za watu na mawe yanang'aa mkononi? Na jasho la Dar hili, baada ya mwezi mkono wote umekuwa kijani. Akafikiri. Ndipo nikamwonyesha ile ya chini kabisa ya ubao, nyeusi, ya mpira, ya tarakimu, yenye taa ndogo ukibonyeza, na kila saa moja ikitimia inalia ti-ti. Saa ya kila siku. Saa ya mwalimu, saa ya dereva, saa ya fundi. Akaivaa akatulia, kama mtu aliyerudi kwake. Kuna watu mpaka leo wananiambia kama ningemwacha achukue ile ya dhahabu yasingetokea yaliyotokea. Nawajibu hapo hapo: saa niliichagua vizuri, na ningerudi Mwenge leo ningechagua ile ile.

Mwongozaji alipoiona alifoka kwanza. Walikuwa Kunduchi, wanapiga picha ya mzigo unashushwa kutoka kwenye boti, na wauza samaki wamejaa nyuma wanacheka. Hamisi kasimama, mkono kiunoni, kimya, na saa ikalia: ti-ti. Mwongozaji akakata maneno katikati. Akasema, "Rudia. Subiri ilie, ndipo uongee." Kuanzia siku ile ikawa hivyo. Mtazamaji akisikia ti-ti anajua Kete yuko karibu na mtu anakwenda kuumia. Kamera inasogelea mkono mpaka unaona ule mkwaruzo pembeni ya kioo, alioupata kwa kujigonga kwenye kasha la televisheni ya mteja. Na amri ikatoka: mlio usizimwe mpaka tamthilia iishe. Basi tukaishi nao. Inalia tunakula, inalia tunagombana, inalia mtu anasali. Mwisho masikio yetu yaliuzoea kiasi kwamba hakuna aliyekuwa anausikia tena, kama usivyosikia jogoo wa jirani yako.

Wengine waliusikia. Jioni za tamthilia mtaa mzima ulikuwa unahamia sebuleni kwetu, maana kila mtu alijua kwa Hamisi hakukosi televisheni ya mteja iliyopona. Hamisi mwenyewe anakaa kwenye kigoda chake, sahani ya mihogo na kachumbari magotini, anajitazama. Watu wanamtazama Kete kwenye kioo, wanageuka kumtazama Hamisi, wanarudi kwenye kioo. Siku moja Kete alimwekea mtoto wa shule kete mfukoni, na wakati huo huo saa ya Hamisi ikalia pale pale sebuleni. Mama Pili, jirani tuliyekuwa tunaazimana naye chumvi, akavuta mkoba wake kutoka sakafuni akauweka mapajani, akaukumbatia. Nikamwona. Nikamwambia, "Mama Pili, umeogopa nini? Mihogo unayokula kakumenyea yeye." Akasema, "Aa, mwanangu, mie najikalia tu." Lakini kesho yake alituma mtu kuja kuchukua redio yake hata haijatengenezwa. Wakafuata wengine. Televisheni zikapungua sebuleni mpaka meza ikapata nafasi. Na waliokuwa wanaongezeka mlangoni ni mateja, vijana wa watu, wamesinzia wakiwa wamesimama, wanamwomba, "Braza Kete, nipe hata ya kulamba." Alikuwa anawapa chai na muhogo. Kijiwe kilichowaharibu vijana wale kilikuwa hatua chache kutoka kwetu, na aliyekuwa anawauzia alikuwa anapita na pikipiki mchana kweupe, na wale wale waliokuwa wanakumbatia mikoba walikuwa wanamsalimia kwa adabu zote. Nyani haoni kundule, wakubwa walisema.

Sasa katikati ya hayo ndugu yangu alikuwa anapenda. Binti mwenyewe alikuwa Zuhura, wa Kipawa, mshonaji, mpole lakini mwenye neno lake. Walikutana kwa ajili ya cherehani yake ya umeme iliyoungua mota. Alikuwa akija kwetu ananiita wifi hata kabla ya mambo kuwa mambo, ananisaidia kukuna nazi, anaimba. Hamisi akimwona anaanza kufunga skrubu zilizokwisha kufungwa. Nilikuwa sijawahi kumwona ndugu yangu akitaka kitu duniani. Kula alikula kilichopo, kuvaa alivaa kilichopo. Lakini Zuhura, Hamisi alimtaka. Kikwazo kilikuwa kimoja: baba yake Zuhura alikuwa amefariki, na mwenye kauli ya kumwoza alikuwa mjomba wake, Mzee Athumani, karani mstaafu. Na Mzee Athumani alikuwa haikosi tamthilia. Mama yake Zuhura alitueleza kwamba kila wiki anakaa mbele ya televisheni na fimbo yake, Kete akitokea anamtukana mpaka mate yanaruka. "Mjomba asijue kwanza," mama akasema. "Atajua ni Hamisi fundi redio wa Temeke, basi. Barua ikishapokelewa, watu wakishakula, hata akijua atacheka." Tukakubaliana. Halikuwa jambo la uongo. Fundi redio ndiyo kazi yake.

Kwetu muoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe. Anakwenda mshenga na wazee, na wanawake wachache wa kukaa ndani. Mshenga alikuwa baba mdogo Rajabu, mtu mwema asiyejua kona, ambaye uongo ukimpitia mdomoni unamtokea puani. Mama Zuhura alikuwa ametuonya jambo jingine: mjomba ana ugonjwa wa wakati. Mkichelewa anahesabu ni dharau. Na saa ya baba mdogo ilikuwa imekufa zamani, anaivaa kwa mazoea. Basi tunatoka, kanzu zimenyooshwa, barua iko kwenye bahasha, Hamisi anazunguka zunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga, ndipo alipovua saa yake na kumfunga baba mdogo mkononi. "Baba, msichelewe," akasema. "Nakuomba." Mie nilikuwepo. Sote tulikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyefikiria ti-ti, kwa sababu nimeshasema, tulikuwa hatuisikii.

Nyumba ya Kipawa ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, na ndege ikipita juu maongezi yanasimama, watu wanatazamana na midomo wazi, ikishapita wanaendelea pale walipoishia. Wanaume walikaa sebuleni. Sie wanawake tulikuwa chumba cha pili, pazia tu katikati, tumekaa mkekani na Zuhura amejifunika kanga mpya, ananibana vidole. Uani walikuwa wamepika pilau. Harufu ya iliki na mdalasini ilikuwa imejaa nyumba nzima, na mie toka asubuhi nilikuwa sijatia kitu mdomoni kwa wasiwasi. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona Mzee Athumani na fimbo yake, na pembeni yake, kwenye kiti kizuri kuliko vyote, alikaa Bwana Sudi. Huyo hakuwa ndugu wa mtu pale. Alikuwa tajiri wa mtaa, mchangiaji wa harusi na misiba, amekaribishwa ili posa iwe na uzito. Saa yake ya dhahabu ilikuwa inateleza mkononi kila akinyanyua glasi ya juisi. Alikuwa anafanya biashara gani? Muulize mtoto wa darasa la pili wa Kipawa siku zile, angekwambia. Kwa kunong'ona, lakini angekwambia.

Mambo yalikwenda vizuri. Wakaulizana hali, wakatajiana koo, baba mdogo akasema maneno ya adabu kwamba wamekuja kuomba uzi wa kufungia jahazi lao, wazee wakacheka. Barua ikawekwa juu ya meza. Mzee Athumani akanyoosha mkono kuichukua. Ndege ikapita, ndefu, madirisha yakatetemeka, mkono wake ukasubiri hewani. Ndege ikaisha. Na katika ule ukimya, saa kumi na moja kamili, mkono wa baba mdogo ukalia: ti-ti.

Mkono wa mzee ukarudi. "Hiyo saa," akasema.

"Naam mzee, saa kumi na moja. Tumewahi," baba mdogo akajibu, anatabasamu, maskini.

"Sikuulizi wakati. Hiyo saa ya nani?"

"Ya muoaji mwenyewe, mzee. Kaniazima tusichelewe kwako."

"Hebu lete mkono." Akaushika, akausogeza kwenye mwanga, akauona mkwaruzo. Nikasikia pumzi yake. "Hii ni saa ya Kete! Mmeniletea posa ya Kete?"

"Ni mchezo tu ule, mzee. Kijana anaigiza. Ni fundi redio."

"Mchezo!" Fimbo ikagonga sakafu. "Kama ni mchezo, mbona saa ni ya kweli? Hii hapa nimeishika! Lisemwalo lipo."

Ungemjibu nini mtu wa hivyo? Baba mdogo wangu, wallahi, akabaki na mkono umeshikwa. Ndipo Bwana Sudi akaweka glasi chini, akajiweka sawa, akasema kwa upole, "Mzee mwenzangu, mtoto wa kike ni heshima ya nyumba. Mambo ya unga hayachezewi. Bora umejua mapema."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka pazia likiwa mabegani kwangu na macho yote ya wanaume yakinitazama. Nikasema, "Nani kasema unga? Wewe? Mzee Athumani, kama ni saa kuulizwa humu ndani, iulizwe hiyo ya dhahabu! Muulize huyo jirani yako kainunua kwa biashara gani! Ndugu yangu anajipaka uovu saa mbili za kamera anarudi nyumbani kumenya mihogo. Huyu hapa je? Huyu anarudi wapi?" Mama Zuhura alikuwa ananivuta kanga kwa nyuma, analia. Bwana Sudi hakukasirika hata kidogo. Alikoroga juisi yake. Mzee Athumani akaniambia, "Mtoto wa kike anaingia kwenye baraza la wanaume! Ndiyo malezi ya huko kwenu hayo." Akaisukuma barua kwa ncha ya fimbo mpaka ikafika mwisho wa meza upande wetu. Haikufunguliwa. Na pilau lililokuwa uani halikupakuliwa. Tulitoka nyumba ile na harufu yake kwenye nguo, na kwetu pwani, kumtoa mgeni kwenye mlango wa chakula kilichokwisha kuiva, bora umpige kofi. Zuhura alinifuata mpaka kizingitini. "Wifi," akasema, na mjomba wake akamwita ndani kwa jina lake lote.

Hamisi alikuwa ameitoa sebuleni kila televisheni, amefagia, amepanga viti vya kuazima, maana wenye habari njema wangekuja kukaa. Alitutazama usoni mmoja mmoja. Baba mdogo akavua saa akampa, akamweleza ilivyolia. Hamisi akaishika saa, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mlio ukazimwa. Nikamwambia, "Mwongozaji atakasirika." Akajibu, "Akatafute Kete mwingine." Na kweli hakurudi. Kwenye tamthilia wakasema Kete amekimbilia nje ya nchi. Watu wa mtaa wakasema, mnaona? Ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Na lawama za posa nikabebeshwa mie: ulimi wa Mwajuma ndio uliovunja. Nyoo! Barua ilikuwa imeshakataliwa kabla sijafungua mdomo. Nilichovunja mie ni starehe ya Bwana Sudi, na hata hiyo haikuvunjika. Alikufa kitandani kwake, akazikwa na umati, na msikiti una tangi la maji lenye jina lake. Zuhura aliozwa Tanga mwaka ule ule. Hamisi alioa baadaye, haikudumu. Hiyo ni habari yake, siiandiki. Aliivaa saa ile mpaka mwisho, anabadilisha betri mwenyewe, anabadilisha mkanda, lakini mlio hakuuwasha tena.

Siku ya arobaini yake nilikuwa nimeivaa mie. Kisomo kilikuwa kimekwisha, tunapakua, likasimama gari mlangoni. Akashuka Zuhura, mtu mzima sasa, mjane, ananiita wifi, na tukashikana pale kwenye moshi wa jiko. Halafu akasema kwa aibu, "Mjomba kaja. Aliposikia nakuja kwenye arobaini ya Kete kashika mlango wa gari, hatukuweza kumzuia." Mzee Athumani alikuwa amekalishwa chini ya turubai, amesinyaa, fimbo ile ile, na mjukuu anampiga picha. Nilipofika na sahani yake ya pilau akaniona mkono.

"Saa ya Kete!" akasema, uso wote umefunguka kwa furaha. "Mbona hailii? Nilikuwa nampenda yule kijana, mwanangu. Hajatokea tena mwigizaji kama Kete."

"Shikamoo mzee," nikasema. "Anaitwa Hamisi."

"Nani?"

"Hamisi. Fundi redio. Aliyemposa Zuhura. Ulirudisha barua yake kwa fimbo hiyo."

Alimtazama Zuhura, akanitazama mie, akatafuta, akatafuta. Hakukumbuka. Kitu kilichokula maisha ya ndugu yangu, yeye kilimpita kama ndege ya Kipawa. Nilitamani kuimwaga ile sahani miguuni pake, Mungu ananiona. Lakini kwetu mgeni haondoki na harufu.

"Sema Hamisi, mzee," nikamwambia, sahani bado mkononi.

Mjukuu akashusha simu. Zuhura hakunizuia.

"Hamisi," akasema mzee.

"Tena."

"Hamisi."

Nikamnawisha mikono, nikamwekea sahani mapajani. Sijamsamehe. Pilau alilimaliza lote.